Nani aliwaambia wamfanye Luc binadamu?

Tuanze na kosa lenyewe, maana sina subira ya kulizunguka. Mwaka 1999, waliotengeneza Universal Soldier: The Return waliamua kwamba Luc Deveraux, yule wa Van Damme, sasa ni binadamu. Si maiti iliyofufuliwa na jeshi tena. Ni mgane, ana binti wa kulea, ana kazi ya heshima: mshauri wa ufundi wa mradi uleule uliomtoa kaburini na kumfanya roboti wa nyama. Aliponaje? Wanakutupia maneno mawili matatu, twende. Kwangu mimi picha ilifia hapo, kabla ya ngumi ya kwanza.

Najua mtasema hiyo ni hadithi, na safu hii ni ya mapigano. Hadithi ndiyo inayobeba mapigano. Pambano lolote la sinema, liwe la mapanga, la ngumi za Kichina au la mashine kwa mashine, husimama juu ya masharti ya mwili: nani anaumia, anaumizwa na nini, akiumia anapungukiwa na nini. Kwenye picha za kawaida masharti hayo tunayajua bila kuambiwa, kwa sababu sote tumewahi kujigonga kidole cha mguu. Kwenye picha za wakati ujao, zenye askari wasiokufa na kompyuta zenye akili, lazima mtengenezaji atuwekee masharti mapya na ayaheshimu. Asipoyaweka, tunabaki kutazama watu wakivunja vioo.

Sasa chukueni masharti ya picha hii kama ilivyoyaweka yenyewe. UniSol wa kizazi kipya, hao maiti waliofufuliwa kuwa askari, wana nguvu kuliko wale wa mwanzo, risasi haziwasumbui, maumivu hawayajui. Luc ni mtu wa damu, umri unasogea. Kwa hesabu hiyo, Romeo, lile jitu la UniSol linaloigizwa na Goldberg, akimkamata mara moja tu, kazi imeisha. Tukamzike, binti alelewe na shangazi. Badala yake Luc anarushwa, anagonga chuma, anapita kwenye kioo, anainuka, anarudi na teke lake la kuzunguka lilelile la mwaka 1988, na jitu linayumba! Hapo kuna mawili. Ama Luc si binadamu kama tulivyoambiwa, ama hao UniSol ni wa karatasi. Picha haichagui. Inaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, kila pambano likilifuta lililotangulia, na mtazamaji anaacha kuogopa. Asipoogopa, hata ungemwekea mlipuko wa ghorofa kumi atapiga miayo.

Linganisheni na ile ya kwanza, ya 1992, ya Roland Emmerich. Emmerich hakuwa fundi mkubwa wa mapigano, na mara nyingi nimemsema, lakini masharti aliyashika. Miili ya UniSol huchemka. Isipopozwa inaharibika, ndiyo maana Luc anavua nguo akitafuta baridi na anahitaji barafu kama mgonjwa anavyohitaji dripu. Mnakumbuka kule mgahawani: anakula sahani juu ya sahani, wenye ubabe wao wanamjia, naye anawapiga huku akili yote iko kwenye chakula. Kichekesho, ndiyo, lakini kimebeba habari za mwili. Mwili huu una njaa ya mashine, na binadamu mbele yake ni nzi.

Halafu lile pambano la mwisho na Dolph Lundgren, shambani kwa wazazi wa Luc, kwenye mvua. Scott, yaani huyo Lundgren, amejidunga dawa ya kuongeza nguvu za misuli, kwa hiyo anamchezea Luc anavyotaka. Tunaona Luc anaonewa, tunaamini atakufa. Kisha Luc anaipata ile dawa, anajidunga naye, na mizani inakaa sawa. Sindano moja tu. Mwandishi alijua kwamba hawezi kugeuza pambano kwa moyo na machozi peke yake. Alihitaji sababu ya mwilini. Miaka saba baadaye sindano hiyo ikasahaulika.

Mic Rodgers, mwongozaji wa The Return, ni mtu aliyetoka kwenye kazi ya kuanguka na kuendesha magari ya hatari, na zile mbio za majini za mwanzo zimepangwa vizuri. Ufundi haukukosekana; kilichokosekana ni masharti.

Niseme tena, kwa sababu alichofanyiwa Michael Jai White kinaniuma zaidi. Huyu ana mikanda myeusi ya mitindo kadhaa. Alikuwa tayari ameigiza Tyson mwaka 1995 na Spawn mwaka 1997, na kwenye Universal Soldier ya kwanza alipita kama askari wa kando tu. Safari hii wanampa SETH, kompyuta kuu inayojitafutia mwili, na mwili inaoupata ni wake. Mngetaka nini zaidi? Akili inayopiga hesabu kuliko jeshi zima, ndani ya mwili wa mpiganaji wa kweli. Lakini kwa kuwa mpinzani wake ni baba wa familia, White haruhusiwi kupiga kama anavyojua. Akipiga sawasawa, stelingi anakufa dakika ya kwanza. Kwa hiyo anamshika na kumtupa, anamshika na kumtupa. Ukiwa na mpiganaji wa kiwango hicho halafu kazi yake ikawa kurusha watu kama mizigo ya Kariakoo, shida iko kwenye karatasi, haiko kwake.

Na Goldberg? Jamaa wa mieleka ya WCW, shingo nene kama kinu. Alifaa. Ila wamemgeuza kichekesho cha kujirudia: anapigwa, anaanguka, anafufuka, ananung'unika. Na muziki, jamani, ule mwamba mzito, Megadeth wakiwemo, uliomwagwa juu ya picha. Nimelalamika kuhusu hili tangu zama za mikanda ya VHS na sitaacha: ngumi ina mlio wake, na mlio huo ndio unaotuambia uzito. Ukiufunika kwa magitaa umeiba nusu ya pigo. Na lile la mtoto kutekwa ili baba apate hasira, nimelichoka tangu Commando ya 1985.

Wapo watakaosema 1999 teknolojia ilikuwa changa. Mwezi Machi mwaka huohuo The Matrix ilikuwa imeshatoka. The Return ilifuata Agosti. Wachowski, waongozaji wake, walimleta mpanga mapigano Yuen Woo-ping kutoka Hong Kong, akawafanyisha waigizaji mazoezi ya miezi minne, na ndiyo, zilikuwepo kamba na kompyuta na risasi zinazoelea. Lakini angalieni masharti. Neo ni binadamu dhaifu nje ya programu. Ndani yake ana nguvu kadiri anavyoamini. Akipigwa kule ndani, huku nje mwili uliolala kitini unatoka damu. Sentensi moja ya Morpheus imelifunga jambo hilo, na kuanzia pale kila ngumi ina gharama. Binadamu na asiyekuwa binadamu kwenye mwili mmoja, na hesabu inakubali.

Halafu aibu yenyewe ni kwamba The Return ilipigwa Dallas. Dallas! Mji ambao miaka kumi na mbili kabla ulikuwa umeshafundisha somo hili. RoboCop ya 1987 inajifanya Detroit, lakini jengo la OCP ni ukumbi wa jiji la Dallas, ule wa I. M. Pei unaoinamia barabara, uliorefushwa juu kwa mchoro. Peter Weller alifundishwa kutembea na Moni Yakim, bingwa wa maigizo ya bubu, na ile suti nzito ya Rob Bottin ikamalizia. Mwangalieni anavyogeuka: kichwa kwanza, mabega yanafuata, kiuno mwishoni. Hajapiga mtu, hajatoa bastola, na tayari unajua ana kilo ngapi. ED-209 nayo, lile zimwi la Phil Tippett lililosogezwa fremu kwa fremu, linafika kwenye ngazi, linanyoosha mguu likipapasa, linaporomoka. Mashine yenye bunduki mbili imeshindwa na ngazi, kwa sababu ina uzito na miguu mibaya. Hapo ndipo unapomwamini Tippett.

Hapa Irving ninapokaa, jirani na Dallas, pale Williams Square, Las Colinas, wamesimama farasi tisa wa shaba wanaovuka kijito cha mawe, wamewekwa tangu 1984. Aliyewafinyanga ni Robert Glen, mzaliwa wa Kenya. Kwenye kwato zao wamewekewa vibomba vidogo vya maji, ili kila mguu unaotua uonekane umerusha maji. Farasi hawasogei hata inchi, lakini ukisimama pembeni unawapisha. Ufundi huo ulikuwa nusu saa kutoka katikati ya Dallas, na bure kuutazama.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo linatoka kwetu. Kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya video, hakuna aliyejali masharti. Stelingi hafi, kila mtu anajua, na kama picha ilikuwa na pengo, Lufufu, yule mtafsiri wa picha, aliliziba kwa sauti yake. Sawa. Lakini hao mastelingi tuliowapigia makofi walikuwa wanaumia. Bruce Lee kwenye Enter the Dragon, 1973, anachanwa na zile kucha za chuma, damu inachora mistari kifuani, na mpaka kwenye chumba cha vioo bado mistari ipo. Van Damme huyuhuyu kwenye Bloodsport anamwagiwa unga machoni na Chong Li, anapigana kipofu, anatafuta adui kwa sikio. Kibanda kizima kilinyamaza. Kutokufa kwake tulikujua. Alichokuwa anapoteza ndicho kilichotukalisha kwenye mabenchi yale.

Kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, wenye mali yao walikiri kwa vitendo. Mwongozaji John Hyams alipopewa Universal Soldier: Regeneration mwaka 2009, aliiruka The Return kana kwamba haikuwahi kupigwa. Luc wake yuko kwa daktari wa akili, anajaribu kujifunza kuishi na watu, na hawezi, mwili unakataa. Wakimhitaji wanamrudishia madawa na kumtuma Chernobyl, na pale anapolipita jengo akiua chumba baada ya chumba, kamera ya Peter Hyams haimwachi, unaona mtu aliyerudishwa kuwa silaha. Hilo ndilo wazo la 1999, la UniSol anayetaka ubinadamu, ila safari hii ubinadamu una bei. Picha ya hela ndogo, iliyopigwa Bulgaria.

White naye alipata haki yake Bulgaria hiyohiyo, kwenye Undisputed II ya Isaac Florentine, mwaka 2006. Ulingo, mwamuzi, na mbele yake Scott Adkins kama Boyka, anayeweza kupokea kila alichonacho. Kamera imekaa mbali kiasi cha kuonesha miguu. Mwisho anamkunja Boyka mguu mpaka goti linavunjika, na Florentine hakulisahau goti hilo. Fungueni Undisputed III, ya 2010: Boyka anasafisha mfereji wa maji machafu gerezani, na anachechemea.