Jasho, Ardhi na Mpango: Uhakiki wa Hoja ya Umiliki katika Mali ya Taifa

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipendekeza kwamba Mwafrika aweze kupewa ardhi kwa umiliki huru, yaani iwe mali yake ya kudumu, ya kuuzika kama bidhaa nyingine yoyote. Julius Nyerere alilijibu pendekezo hilo kwa kijitabu kifupi, Mali ya Taifa, ambacho baadaye kiliingizwa kwa Kiingereza katika Freedom and Unity (1966). Ni rahisi kukisoma kijitabu hiki kama dibaji tu ya siasa ya Ujamaa. Sehemu hii inakisoma kwa swali finyu zaidi: kinatupatia kipimo gani cha kupatanisha haki ya mwenye shamba au kiwanja na mamlaka ya kijiji au halmashauri ya kupanga matumizi ya ardhi hiyo hiyo? Mtafiti anashikilia kwamba kipimo kimo, nacho ni jasho. Hata hivyo, kipimo hicho kina mapungufu matatu ambayo mwandishi hakuyashughulikia.

Hoja ya Nyerere imejengwa kama nyumba ya ghorofa moja. Chini kuna ardhi, ambayo ni zawadi ya Mungu kwa watu wote. Hakuna binadamu aliyeiumba, hivyo hakuna anayeweza kudai kuwa ni yake peke yake. Juu kuna kazi. Anayefyeka pori na kulima ameongeza thamani juu ya zawadi ile, na thamani hiyo ni yake. Kwa hiyo ana haki ya kuitumia ardhi kwa kadiri anavyoendelea kuitumia. Umiliki huru unazichanganya ngazi hizi mbili, na mwandishi anahofia kuwa matokeo yake yatakuwa wachache wenye fedha kuinunua nchi na wengi kugeuka wapangaji. Nguvu ya hoja hii kibalagha inatokana na pale inapoanzia: inaanza na mkulima na jembe lake, ndipo inapoelekea kwenye sheria.

Historia iliijenga ngazi ya chini kwa uimara mkubwa. Mwaka 1963 umiliki huru ulibadilishwa kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya ukaaji. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 imeendeleza msingi huo: ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Tume ya Rais iliyoteuliwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji ilipendekeza dhamana hiyo iondolewe mikononi mwa Serikali Kuu, na kwa ardhi ya vijiji ikabidhiwe kwa mikutano mikuu ya vijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa.

Ngazi ya juu haikupata uangalizi kama huo. Sheria Namba 22 ya mwaka 1992 ilikusudia kuzifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, bila fidia kwa kufutwa huko. Suala hili lilifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoamuliwa mwaka 1994. Upande wa Serikali ulidai kuwa haki ya kimila si mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliikataa hoja hiyo. Iliamua kwamba fidia haiishii kwenye majengo na mazao yanayoonekana. Pale ambapo mkaaji ametia juhudi katika ardhi, anastahili kulindwa na kulipwa. Kwa uhakiki huu, jambo muhimu ni chanzo ambacho Mahakama ilikiegemea: maneno yale yale ya Nyerere ya mwaka 1958 kuhusu mtu anayetumia nguvu zake kufyeka ardhi. Matini iliyoandikwa kumzuia mtu asiidai ardhi kuwa yake ikatumika kuizuia dola isimnyang'anye.

Usomaji huo haukuipotosha matini, bali uliirejesha kwenye ukamilifu wake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo imeuchukua mwelekeo huo katika kanuni zake za msingi, kwa kutaka fidia kamili, ya haki na ya haraka si pale tu haki ya mtu inapofutwa, bali pia dola inapoiingilia kwa namna inayomdhuru. Hapa ndipo kijitabu kinapotusaidia kutofautisha aina mbili za mpango. Halmashauri inapomwambia mwenye kiwanja kitupu asijenge kiwanda katikati ya makazi, inaielekeza zawadi ya wote. Jasho la mtu halijaguswa. Inapochora eneo la wazi juu ya nyumba iliyokwisha simama, inaiteketeza kazi, na uzuri wa ramani haufuti deni hilo. Katika urasimishaji wa makazi mijini, mkazi huombwa aachie ukanda wa kiwanja chake ili barabara ipite. Swali la kuuliza si ukanda ni mita ngapi, bali una nini juu yake: nyasi, au ukuta na minazi ya miaka ishirini?

Hata hivyo, kipimo cha jasho kinapwaya katika maeneo matatu. Kwanza, kilitokana na shamba, si mji. Thamani ya kiwanja kilicho kando ya barabara kuu Dar es Salaam imetokana kwa sehemu kubwa na barabara, maji na umeme vilivyowekwa kwa fedha za umma. Mwenye kiwanja anayeipinga mipangomiji kwa jina la jasho lake anadai pamoja nalo jasho la wengine, na kijitabu hakitupi njia ya kuyatenganisha.

Pili, kipimo hiki kinaliona jasho linaloacha alama. Mfano wa kufyeka pori humfaa mkulima. Mfugaji anayeipumzisha nyanda ya malisho ili nyasi ziote amefanya kazi pia, lakini ardhi yake huonekana kama haijaguswa. Mpango wa matumizi ya ardhi unaosoma alama za jembe pekee utaiita nyanda hiyo ardhi tupu, na kuigawa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kijitabu kinaliita taifa mwenye mali bila kuuliza nani analisemea. Mwaka 1958 adui aliyeonekana alikuwa kabaila wa kesho. Dola huru ilitazamiwa kuwa mlinzi. Kijijini swali hilo limepata jibu la kiasi fulani, kwa kuwa mpango wa matumizi ya ardhi huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambamo mwenye shamba anaweza kusimama na kupinga. Mtaani hakuna mkutano wenye mamlaka kama hayo juu ya ardhi. Mkazi wa mjini anaweza kusikilizwa, lakini kauli ya mwisho hutolewa kwingine. Hivyo neno taifa, ambalo kijijini lina sura za majirani, mjini hubaki na sura ya ofisi.

Kutokana na mjadala huu, mtafiti anaona kuwa mgongano kati ya haki ya mmiliki na mamlaka ya upangaji hautatuliwi kwa kuchagua kati ya umiliki huru na umiliki wa umma. Mali ya Taifa ilikuwa sahihi kuitenga ardhi na kazi, na Mahakama ya Rufani ilikuwa sahihi kuilinda kazi kwa maneno ya mwandishi mwenyewe. Kilichobaki ni kile ambacho Tume ya 1991 ilikigusa na ambacho kijitabu kilikipita kimya: dhamana ya ardhi haitoshi kuwa na mdhamini; sharti iwe pia na mahali ambapo mwenye jasho anaweza kumhoji mdhamini huyo kabla ramani haijatiwa saini.