Silinda Iliyobonyea Kabla ya Hesabu

Mwezi Machi 2011, katika kituo cha NASA cha Marshall huko Huntsville, Alabama, wahandisi waliigandamiza silinda kubwa ya aloi ya aluminiamu na lithiamu mpaka ikabonyea. Kipenyo chake kilikuwa mita 8.4, urefu mita 6.1. Ilihitaji karibu pauni milioni moja za nguvu, yaani uzito wa tani 450 hivi. Sababu ya kuiharibu makusudi ilikuwa mgogoro wa miaka mingi kati ya hesabu na maabara.

Hesabu yenyewe, ya mkazo unaoibonyeza silinda nyembamba inapogandamizwa, inajulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kazi za watafiti Lorenz, Timoshenko na Southwell. Zidisha moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wa metali) kwa unene wa ukuta, gawanya kwa nusu kipenyo, kisha zidisha kwa 0.605. Kwa aluminiamu yenye moduli ya megapaskali 70,000, na nusu kipenyo kilicho mara 500 ya unene, mkazo wa kubonyea ni megapaskali 85 hivi. Lakini majaribio ya miaka ya 1920 na 1930 yalitoa majibu ya chini sana, mengine hata robo ya yale ya hesabu. Tena yalitawanyika: silinda mbili zilizofanana kwa macho zilibonyea kwa mizigo tofauti.

Kwangu, huko kutawanyika ndiko kulikokuwa na habari kubwa. Kama fomula ingekuwa na kosa moja tu la kudumu, vipimo vyote vingepungua kwa kiwango kilekile. Vikitofautiana, basi kuna kitu kinachobadilika kutoka kipande hadi kipande. Mwaka 1941 watafiti von Kármán na Tsien walionyesha kuwa silinda ikishaanza kubonyea, uwezo wake wa kubeba huporomoka. Mwaka 1945 mtafiti Koiter, katika tasnifu yake huko Delft, Uholanzi, alieleza jinsi kasoro ndogo ya umbo, hata sehemu tu ya unene wa ukuta, inavyoshusha mzigo huo. Jaribu kwa kopo tupu la soda: lisimamie taratibu kwa mguu mmoja, huenda likakubeba; lakini mwenzako akiligusa ubavuni kwa kidole, linapondeka papo hapo.

NASA ilijibu kwa tahadhari. Mwongozo wake wa SP-8007, wa miaka ya 1960, ulifuata ukingo wa chini wa matokeo ya maabara. Kwa mwongozo huo, mzigo wa silinda yetu ya mfano huzidishwa kwa kipunguzo cha 0.32, hivyo megapaskali 85 zinabaki 27. Ni salama, ila kila kilo ya metali isiyohitajika kwenye roketi inapunguza mzigo unaoweza kupelekwa angani.

Ndiyo maana jaribio la Huntsville lilikuwa muhimu. Katika mradi wa NASA uliofanya jaribio hilo, umbo halisi la silinda lilipimwa kabla ya kugandamizwa, pamoja na mabonde na vilima vyake visivyoonekana kwa macho, kisha umbo hilo ndilo likaingizwa kwenye kompyuta. Ukuta ulipakwa madoa meusi na meupe, na kamera zikafuatilia mwendo wa madoa hayo mzigo ulipokuwa ukipanda. Kwa njia hiyo modeli ya kompyuta ililinganishwa na uso mzima wa silinda, hatua kwa hatua. Naliheshimu sana jambo hili, kwa sababu kulinganisha mzigo wa mwisho peke yake ni ushahidi dhaifu: unene uliokadiriwa kupita kiasi na kingo zilizodhaniwa kuwa legevu kuliko zilivyo huweza kufichana, jibu likaonekana sahihi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa uhandisi, kabla hujawasha mashine ya kugandamiza, chukua kipimio na upime unene wa sampuli yako mahali pengi, unyoofu wake, na jinsi inavyokaa kwenye sahani za mashine. Viandike vipimo hivyo kwenye ripoti, kisha virudishe kwenye modeli yako kabla hujailaumu nadharia.