Kuainisha si Kutanguliza
Baadhi ya wafasiri huuita uwezo wa njia ya mawasiliano “kipimo data”. Istilahi hiyo yapotosha: kipimo hupima, hakigawanywi. Kinachogawanywa na kipanga njia ni uwezo wenyewe.

Kosa la pili ni kuchanganya kuainisha na kutanguliza. Kwa mujibu wa kanuni ya mwaka 1998, kila pakiti ya data huweza kutiwa alama ya biti 6, yenye thamani 64. Sauti ya simu kwa kawaida hupewa 46. Alama huainisha tu. Foleni ndiyo itangulizayo. Mtumishi asiyetofautisha maneno hayo ataagiza alama zitiwe, kisha ashangae simu za ofisi zikikatika vilevile. Twapendekeza basi: “uwezo wa njia”, “kuainisha”, “kutanguliza”.