Kosa Lina Ukoo

Yapo makosa ya Kiingereza ambayo wahadhiri wa vyuo vikuu huyazungushia wino mwekundu, wakaandika pembeni "sarufi", kisha wakafungua ukurasa unaofuata. Nathubutu kusema kwamba kusahihisha kwa namna hiyo si kufundisha. Kosa lina ukoo wake. Asiyeutafuta ukoo huo atakata tawi leo, na kesho atalikuta limechipua.

Shida yenyewe si ngeni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa hapa kwetu Njombe, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia shule za sekondari na hatimaye chuo kikuu. Serikali ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu. Miongoni mwa wale wa chuo kikuu waliopimwa, ambao wangeweza kusoma bila taabu hata vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufikia asilimia 20. Ukafuata mradi wa Kiingereza uliosaidiwa na Uingereza, na vitabu vya kusoma vikapelekwa shuleni. Yote hayo yalikuwa na faida yake. Lakini kipimo cha aina ile huonyesha upungufu wa mwanafunzi. Hakionyeshi mtaji alionao. Ni juu ya mtaji huo nataka kusema.

Tangu nistaafu ukuu wa chuo cha ualimu, vijana wetu walio vyuo vikuu huniletea insha zao wakati wa likizo. Binti mmoja wa Makambako, mwaka wa tatu wa shahada ya ualimu, alipanda basi kilomita 60 hivi kuja Njombe na karatasi iliyojaa wino. Aliandika: "The book which I read it". Mhadhiri alikuwa ameikata "it" bila maelezo. Binti alijua kwamba amekosea. Hakujua kwa nini. Kwa hiyo, katika insha zilizofuata, alianza kuandika sentensi fupi fupi za kitoto, zisizo na kishazi tegemezi hata kimoja, ili wino usimguse. Hapo ndipo hasara ilipo. Mtu mwenye mawazo mapana alikuwa akiyapunguza mawazo yake yatoshe ndani ya Kiingereza asichokiogopa.

Nilimwambia aandike maneno yale yale kwa Kiswahili. Akaandika "kitabu nilichokisoma". Tukalivunja neno: "ni", mimi; "li", wakati uliopita; "cho", kirejeshi; "ki", yambwa, yaani kitabu chenyewe; "soma", tendo. Kiswahili kinaruhusu kitabu kitajwe mara mbili ndani ya kitenzi kimoja, kwa "cho" na kwa "ki". Kiingereza hukitaja mara moja tu, kwa sababu "which" imekwisha kufanya kazi zote mbili, ya kirejeshi na ya yambwa. Ile "it" yake ilikuwa ni "ki" iliyovuka mpaka ikakosa kazi ng'ambo.

Akanitazama. "Mwalimu, mbona hili sikuambiwa tangu kidato cha kwanza?"

Chini kidogo palikuwa na kosa jingine, "Although it was raining, but we went", nalo ni ndugu wa lile la kwanza. Sisi husema "Ingawa mvua ilikuwa inanyesha, lakini tulikwenda", na wengi hatuoni ubaya. Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja. Mwanafunzi aandikaye hivyo si mvivu wala mjinga. Anafuata kanuni, ila ni kanuni ya nyumba nyingine.

Kinachonisikitisha ni kwamba mwanafunzi huyu amekwisha kusoma kiima, kiarifu, yambwa na vishazi katika vipindi vya Kiswahili vya sekondari. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, na uchambuzi wa sentensi hufundishwa chuoni hapo kwa Kiswahili. Lakini akiingia katika kipindi cha Kiingereza, elimu hiyo huachwa mlangoni pamoja na mwavuli. Lugha mbili hukaa katika kichwa kimoja kama wapangaji wasioamkiana.

Wako wenzangu watakaosema kwamba Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni sumu, na kwamba kuogelea hufundishwa majini. Sibishi kwamba bila kusoma vitabu vingi na kuandika mara kwa mara, maelezo ya sarufi hayatamfikisha mtu mbali. Wala si kila kosa hutoka Kiswahili; tahajia, na vitenzi visivyofuata kanuni, ni ukorofi wa Kiingereza chenyewe, na dawa yake ni mazoezi tu. Lakini hata mwalimu wa kuogelea humweleza mwanafunzi kwa nini anazama.

Binti yule, Mungu akipenda, atafundisha. Mbele yake watakaa watoto wengi waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na baadhi yao waliolelewa kwa Kibena. Atawapa kile alichopewa: ama wino mwekundu, ama sababu.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, lisilohitaji mradi wala fedha za kigeni. Mhadhiri anapokata neno, aandike pembeni mstari mmoja wa kueleza lilikotoka. Akiwa na insha 200 atasema hana nafasi, na atakuwa anasema kweli. Basi achague makosa matatu yaliyojirudia, ayaeleze mbele ya darasa zima, sentensi ya Kiswahili upande huu wa ubao, ya Kiingereza upande ule.