Miongozo ya IP Isiyobadilika Inatuacha Nusu Njia

Tafuta namna ya kuweka anwani ya IP isiyobadilika kwenye seva ya Linux ya nyumbani, na utakutana na maelekezo yaleyale: fungua faili la Netplan, andika 192.168.1.100, hifadhi, kazi imeisha. Hatua zenyewe ni sahihi. Tatizo ni hiyo "kazi imeisha". Unamtumia rafiki aliye mji mwingine anwani hiyo, kivinjari chake kinazunguka weee, ukurasa haufunguki. Unaanza kudhani Linux imekushinda.

Haijakushinda. Miongozo hii inachanganya anwani mbili. Zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, kama ilivyoandikwa katika RFC 1918 ya mwaka 1996. Ndiyo maana jirani yako anaweza kutumia namba hiyohiyo na msigombane. Ni namba ya chumba, si ya nyumba. Anwani ya nje hutolewa na kampuni inayokuuzia intaneti, na hakuna faili ndani ya seva yako linaloweza kuizuia isibadilike.

Hata huko ndani, wengi hawakwambii uangalie ruta kwanza. Ruta hugawa namba kwa DHCP. Ukijichukulia namba iliyo kwenye fungu lake, siku moja inaweza kuipa simu ya mgeni, na vifaa viwili vikaanza kugombania. Afadhali uingie kwenye ruta uitengee seva namba yake kwa kutumia anwani ya MAC.

Kinachokera zaidi ni ukimya kuhusu CGNAT. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na IANA iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kabla hujagusa faili lolote, tazama anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, kufungua mlango wa 80 au 443 kwenye ruta hakutasaidia kitu. Omba anwani ya umma, jaribu IPv6, au pitisha tovuti kwenye seva ya kukodi.

Mwongozo mzuri ungeanza na swali: nani atafungua tovuti hii? Kama ni watu wa nyumbani tu, namba ya ndani inatosha. Kama ni dunia, bado una safari.