Barafu Ikae Wapi: Mbinu za Lobelia na Senesio za Mlimani

Mgeni akifika Bonde la Teleki, Mlima Kenya, na kuona lobelia zimefumba majani jioni, hudhani zinajifunika ili zisigande. Dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Majani ya mimea hii huganda kwelikweli, na asubuhi huyakuta yamekakamaa. Kinachoiokoa ni mahali barafu inapoachiwa ijijenge.

Mti wa Ulaya hupewa wiki kadhaa za kujiandaa. Siku zinafupika, ukuaji unasimama, sukari inalimbikizwa, majani yanapukutika. Karibu na ikweta, kwenye mita 4,000 hivi, hakuna maandalizi ya namna hiyo. Jua huchoma mchana, na usiku usipokuwa na mawingu joto hushuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Hali ndiyo hiyo Januari hadi Desemba. Mmea unalazimika kukua na kuwa sugu kwa wakati uleule. Viazi haviwezi: wakulima wa Nyandarua wanajua sakitu ya usiku mmoja inavyolifanya shamba zima kuwa jeusi.

Erwin Beck, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alichunguza suala hili Mlima Kenya pamoja na wenzake miaka ya 1980. Ndani ya jani la lobelia, au la senesio kubwa, mmea mwenzake wa mlimani, barafu huanza kwenye nafasi zilizo nje ya seli. Kadiri inavyokua ndivyo inavyovuta maji kutoka ndani ya seli, na huko ndani hubaki utomvu mzito ambao ni vigumu kuganda. Seli husinyaa bila kuchanwa na barafu. Jua likipanda, barafu huyeyuka, maji hurudi, na jani huendelea na usanisinuru. Cha kushangaza, mimea ya Espeletia ya milima ya Andes, inayofanana nayo sana kwa umbo, hufuata njia nyingine: maji ya majani yake hupoa chini ya sifuri bila kuganda. Sura karibu moja, siri mbili.

Chipukizi la katikati halivumilii hivyo, kwa hiyo ndilo linalolindwa. Usiku majani hulizingira, yale ya nje yakipokea baridi kwanza. Lobelia keniensis huongeza bwawa dogo la maji katikati ya majani yake. Tabaka la juu huganda, na maji yanapoganda hutoa joto, takriban jouli 334 kwa kila gramu. Huku juu pakiwa barafu, maji ya chini hubaki kimiminika.

Shina nalo lina hatari yake, nayo huja asubuhi. Jani likishapigwa na jua huanza kupoteza maji. Shina likiwa bado limeganda, hakuna maji yatakayopanda, na mmea unaweza kufa kiu penye unyevu tele. Ndiyo maana senesio, ikiwemo Dendrosenecio kilimanjari ya Kilimanjaro, haiangushi majani yaliyokufa. Huyaacha yaning'inie kulizunguka shina kama blanketi, na ndani ya shina huweka akiba ya maji ya kutumia kabla ardhi haijapata joto. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu mkubwa kuliko wote, kwa kuwa umejengwa kwa takataka.

Lobelia telekii imepeleka ulinzi huo hadi kwenye mhimili wa maua. Umefunikwa manyoya marefu, na ndani una uwazi wenye kimiminika. Mwaka 1979 watafiti waliandika kuwa kimiminika hicho kina kitu kinachoanzisha kuganda mapema, mara joto linapopita kidogo chini ya sifuri. Kinapoganda polepole usiku kucha, hutoa joto linalozuia mhimili usipoe zaidi. Gharama ya ulinzi huo inaeleweka ukijua kwamba Lobelia telekii huchanua mara moja tu maishani mwake, kisha hufa.