Pointi tatu za Kaitaba

Msimamo wa mwisho wa Ligi Kuu Tanzania Bara msimu wa 2016/17 ulisomeka hivi: Yanga pointi 68, Simba pointi 68, Kagera Sugar 53, Azam 52. Ubishi wa vijiweni uliishia kwenye mistari miwili ya kwanza, kwamba Yanga kachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Sisi wa Kagera, kuanzia Bukoba mjini hadi Kimwani kule kusini mwa Muleba, tuna sababu ya kuanzia mstari wa tatu. Timu ya kiwanda cha sukari, ambayo msimu uliotangulia ilikuwa ikipigana isishuke daraja, iliwezaje kuishinda Azam kwa pointi moja?

Jibu la kwanza ni uwanja. Kabla ya hapo Kagera Sugar, yaani Wanankurukumbi, walikuwa wakihamahama, mechi zao za nyumbani wakizichezea mara Tabora, mara Shinyanga, huku uwanja wao wa Kaitaba mjini Bukoba ukisubiri nyasi bandia za mradi wa FIFA. Timu inayocheza nyumbani kwa watu haina nyumbani. Kurudi Bukoba kulibadili hesabu mara mbili. Wachezaji wa Kagera walipunguziwa safari, halafu mzigo wa safari ukahamia kwa wageni, maana kutoka Dar es Salaam kuja huku ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Na kwenye nyasi bandia mpira unakimbia kuliko mwenyeji wa viwanja vya vumbi alivyozoea. Anayefanya mazoezi kwenye uso ule kila siku anajua pasi itafika wapi, lakini anayeugusa mara moja kwa msimu anakisia.

Ila uwanja peke yake haufungi goli wala hauzuii. Oktoba 2016 Yanga walikuja Kaitaba hiyohiyo wakaondoka na ushindi wa 6-2. Ulikuwa mwezi mmoja na kidogo tu baada ya tetemeko la Septemba 10, lililoua watu na kubomoa nyumba Bukoba na kuharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Mkoa ulikuwa na mambo mazito kuliko mpira. Hata hivyo, kwa kocha, mabao sita nyumbani ni taarifa kamili: safu ya nyuma iko wazi.

Kocha huyo alikuwa Mecky Maxime, beki wa zamani na nahodha wa Taifa Stars, aliyetokea Mtibwa Sugar, timu nyingine ya miwa. Alichokifanya kilikuwa cha kibeki kabisa. Dirisha dogo la Desemba lilimleta Juma Kaseja, kipa ambaye wengi walishaanza kumzungumzia kwa wakati uliopita. Kaseja hakuongeza kasi. Aliongeza sauti. Kipa mzoefu huwapanga mabeki kabla hatari haijazaliwa, na kazi hiyo haionekani kwenye takwimu. Mbele, mabao yalimwangukia kijana mmoja, Mbaraka Yusuph, aliyemaliza na mabao 12, mawili tu nyuma ya vinara Simon Msuva na Abdulrahman Musa. Timu yenye mfungaji wa namna hiyo haihitaji kumiliki mpira. Inahitaji kutofungwa, kisha kumpa nafasi moja.

Aprili 2, 2017, mpango huo uliwakuta Simba Kaitaba, na Kagera wakashinda 2-1. Hapo ndipo msimu ulipohamia mezani. Simba walidai kwamba beki Mohammed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano, kwa hiyo hakustahili kuwa uwanjani. Kamati ya usimamizi wa ligi, maarufu kama Kamati ya Saa 72, iliwapa Simba pointi tatu. Baadaye kamati ya TFF ya katiba, sheria na hadhi za wachezaji ikazirudisha Kagera, kwa kuwa malalamiko hayakufuata utaratibu. Simba wakatangaza kwamba wangefika hadi FIFA.

Sasa chukua kalamu. Wape Simba zile pointi tatu: wanafika 71, ubingwa unahama Jangwani kwa Yanga kwenda Msimbazi kwao. Wanyang'anye Kagera: wanabaki na 50, nafasi ya tatu inakwenda Azam. Mechi moja ya Bukoba ilibeba kombe na nafasi ya tatu kwa pamoja. Ndiyo maana sikubali Kagera iitwe timu iliyobahatika. Pointi zile zilipatikana uwanjani kwanza, kamati ikafuata. Lakini pia klabu iliyotegemea kikosi chembamba ilikaribia kupoteza msimu mzima kwa daftari la kadi, na mtunza kumbukumbu za kadi ni sehemu ya benchi la ufundi hata kama hakai benchi.

Tuzo za mwisho wa msimu zilithibitisha kwamba haikuwa bahati: Maxime kocha bora, Mbaraka mchezaji bora chipukizi. Kisha likatokea la kawaida kwa timu za mikoani. Mbaraka akaenda Azam, waleale walioachwa pointi moja nyuma, na Kagera ikarudi kuhangaika mkiani.

Kilichobaki ni ile namna ya kucheza na Simba. Mei 19, 2018, mbele ya Rais John Magufuli aliyefika kukabidhi kombe, Simba ambao hawakuwa wamefungwa kwenye ligi msimu mzima walilala 1-0 kwa bao la Edward Christopher, na Kaseja akapangua penalti ya Emmanuel Okwi. Msimu wa 2018/19 Kagera waliwafunga mabingwa nyumbani na ugenini. Msimu huohuo ilibidi wacheze mechi za mchujo na Pamba ya Mwanza ili wabaki Ligi Kuu.